Kila Mtu na Ukurasa Wake

Mke wake alikuwa bado kitandani hospitalini, mshono haujakauka, Supavaiza alipokata shauri kuyauza magazeti.

Aliyatazama kwa jicho la mtu aliyewahi kusimamia watu. Yalikuwa yamesongamana chini ya kaunta ya kiduka chao, mafungu kwa mafungu, kila fungu limefungwa kwa uzi wake, mengine yamekwisha kupauka. Miaka yote aliyokuwa akienda kiwandani hakuwahi kuinama kuyaangalia. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, akarudi nyumbani na cheo kilichobaki midomoni mwa watu tu, bado hakuinama. Duka lilikuwa la mke wake, Mama Mizani kama mtaa ulivyomwita. Yeye ndiye aliyepima karanga, chumvi, majani ya chai, misumari na sabuni ya unga, akakunja kipande cha gazeti kama faneli, akamimina, akafunga ncha. Nyumba nzima ilitegemea mikono ile. Supavaiza alikula kilichotoka dukani, lakini duka lenyewe alilionea haya.

Sasa kidole tumbo kilikuwa kimempasukia mkewe ghafla. Alichukuliwa na teksi akiwa ameuma ukosi wa gauni kwa maumivu, asipate nafasi ya kusema hata ufunguo wa droo uko wapi. Duka likabaki mikononi mwa mumewe. Naye akajiambia kwamba mama watoto akirudi atakuta duka lenye sura ya duka, si jalala la karatasi.

Muuza mayai wa nyuma ya soko alikuja na mkokoteni, akaanza kuyapakia. Alihitaji karatasi za kutandika kwenye makreti yake.

"Hizi zina matundu, mzee," alilalamika, akiinua karatasi moja juu ili mwanga upenye. "Ona. Huku chini kwenye pembe, ukurasa wa pili, kila moja imekatwa dirisha. Yai likidondokea hapa nani atalilipa?"

"Hayo ni mambo ya mama watoto. Pakia, usinipotezee muda."

Kwa pesa hizo Supavaiza alinunua mifuko ya kaki, mipya, laini, yote saizi moja. Aliipanga kwenye kaunta kama zamani alivyokuwa akipanga majora ya kitambaa. Akachukua kibao, akaandika kwa herufi kubwa: HUDUMA YA KISASA. Akarudi nyuma hatua kadhaa kukitazama. Kilimpendeza.

*

Mteja wa kwanza alikuwa Seremala, mwenye maranda ya mbao kwenye nyusi. Alitaka karanga na misumari. Supavaiza alimpimia, akamtilia kwenye kaki, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Seremala aliugeuza mfuko. Akautazama upande huu, akautazama upande ule, akachungulia hata kitako chake.

"Hii ndiyo nini?"

"Mfuko."

"Naona ni mfuko. Una nini?"

"Una karanga zako."

"Mbali na karanga."

"Kwani wewe ulitaka nini tena, bwana?"

Seremala alikuna kichwa, maranda yakamdondoka. "Basi, Supavaiza. Mama anaendeleaje? Mpe pole." Akaondoka akizitafuna karanga bila raha, kama mtu anayemeza dawa.

Baada yake alikuja Mwalimu, mstaafu mwenye penseli nyuma ya sikio, akautazama mfuko wa kaki kama alivyokuwa akiitazama karatasi ya mtihani isiyoandikwa kitu. Akaja Bibi, mjane aliyeishi peke yake chumba cha uani, ambaye kila asubuhi alinunua chumvi kiasi cha kijiko.

"Leo hakuna watu?" Bibi aliuliza, akipapasa kaki kwa kidole.

"Watu gani, bibi?"

"Basi, mwanangu. Hapana neno."

Kesho yake Bibi hakuja. Seremala alionekana akivuka barabara kwenda duka la kona, lile lenye taa nyeupe na bidhaa zilizofungwa kiwandani. Mwalimu naye akavuka. Mpaka mwisho wa juma Supavaiza alikuwa akipangusa kaunta ambayo haikuwa imechafuka, na karanga zilianza kupoteza ladha yake kwenye karai. Alipunguza bei, hawakuja. Aliongeza kipimo, hawakuja. Kodi ya kibanda ilikuwa inakaribia, na dawa za hospitali hazikungoja mtu.

Mwenye duka la kona alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, akapaza sauti ili mtaa usikie:

"Supavaiza! Na kiwanda hiki nacho unakifunga?"

Watu walicheka. Supavaiza naye alicheka, maana afanyeje. Kisha akaingia ndani, akakigeuza kile kibao kikaangalia ukuta.

*

Wodini, mkewe alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Alikuwa amepungua uso, macho yamekuwa makubwa. Dada yake mdogo, ambaye ndiye aliyemuuguza, alikuwa akimmenyea chungwa.

"Duka linaendaje, baba watoto?"

"Linakwenda."

"Bibi umempa vyake?"

"Chumvi? Nimempa."

"Chumvi," mkewe alirudia, akatabasamu kwa taabu. "Fungu lake ni lile la mwisho kushoto, lenye uzi mweupe. Vifo. Ila ulisome wewe kwanza kabla hujamfungia mtu. Mtu asikutane na msiba wake ndani ya chumvi. Ukiona jina la mtu wa hapa mtaani, acha kufunga, mfuate kwake ukamwambie kwa mdomo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa," alijibu Supavaiza, ambaye hakuelewa hata nusu.

"Michezo ni uzi wa kijani. Seremala ukimpa siasa atakurudishia karanga."

"Dada, pumzika," shemeji yake aliingilia. "Mwenzako anajua. Mbona unatokwa na jasho, shemeji?"

"Joto."

"Na dirisha liko wazi!"

Supavaiza alikubali kipande cha chungwa alichopewa, akakishika mkononi mpaka kikamchuruzikia kwenye mkono wa shati.

*

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja barazani kwa Mama Cherehani, aliyeshona nguo mkabala na duka lao. Mama huyo alikuwa na pini tatu mdomoni na hakuacha kukanyaga pedali.

"Shikamoo, dada mkubwa."

"Marahaba." Pini zilicheza. "Leo umevuka barabara. Karibu."

"Nataka kuuliza. Yale magazeti ya mke wangu. Yalikuwa ya nini hasa?"

Mama Cherehani alizitoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto.

"Umeoa miaka yote hiyo, leo ndiyo unaniuliza mimi? Haya. Pale duka la kona kuna karanga au hakuna?"

"Zipo."

"Tena zimefungwa vizuri. Sasa unadhani sisi tulikuwa tunakuja kwenu kwa sababu ya karanga? Nani kati yetu ana uwezo wa kununua gazeti kila siku? Mkeo anapita kwenye maofisi, anapita kwa kinyozi, anaomba yaliyokwisha kusomwa. Usiku anayachambua, kila ukurasa na mtu wake. Mimi nikinunua majani ya chai, nafungiwa yule shangazi wa gazetini anayejibu watu maswali ya ndoa. Naweka sufuria jikoni, nasoma, nacheka peke yangu. Sijamwambia mtu kwamba naupenda ukurasa huo. Mkeo aliniona tu siku moja nimesimama njiani nasoma, toka hapo sijawahi kupewa mwingine."

Supavaiza aligeuka kulitazama duka lao ng'ambo ya barabara.

"Na jambo jingine nikwambie, kwa kuwa umeuliza. Unakumbuka gazeti lilipotoa picha ya mwanangu?"

Alikumbuka kwa mbali. Palikuwa na wizi ghalani, gazeti likaandika habari za mwizi, na pale pa picha wakaweka uso wa kijana wa Mama Cherehani. Wakati huo Supavaiza alikuwa kiwandani na alipita barazani hapa bila kusalimu, kama wengine.

"Walichanganya picha," alisema Mama Cherehani. "Basi. Mtu mmoja kachanganya picha mezani kwake, na mwanangu akajifungia ndani, hatoki hata kwenda kunyoa. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, ati wamebadilisha mawazo. Mkeo akazunguka mtaa mzima akikusanya lile gazeti. Kisha kila siku akawa anasoma kule chini, pembeni, ukurasa wa pili, mahali ambapo gazeti huomba radhi likikosea. Nani anasoma pale? Maandishi yenyewe kama ya chupa ya dawa. Alisoma mpaka wakaandika."

Alivuta droo ya cherehani, akatoa kijipande cha karatasi kilichokunjwa ndani ya plastiki. Ndani ya kisanduku chembamba gazeti lilisema kwamba picha iliyochapishwa haikuwa ya mhusika, na kwamba mhariri anasikitika kwa usumbufu.

"Hawakuiandika hata kwenye ukurasa ule walipoiweka ile picha. Ila mkeo alikwenda kila alikokwenda, akaomba gazeti la siku ile tu. Akarudi na mzigo kichwani. Wiki nzima, Supavaiza, wiki nzima kila aliyenunua kitu kwenu alifungiwa ukurasa wa pili, na kile kisanduku kimekaa nje, mbele ya macho. Seremala kanunua misumari, kasoma. Mwenye bucha kanunua chumvi, kasoma. Hata waliokuwa na mdomo mrefu zaidi walisoma wakitafuna. Mkeo hakumwambia mtu neno, alipima tu na kufunga." Mama Cherehani alinyoosha kitambaa chini ya sindano. "Mwanangu akatoka, akaenda kunyoa."

Supavaiza alikitazama kile kijipande. Kilikuwa na ukubwa uleule wa yale madirisha ambayo muuza mayai aliyalalamikia. Akajikuta amekaa kwenye ngazi ya baraza bila kukaribishwa.

"Sasa hayo magazeti yako wapi?" aliuliza Mama Cherehani.

"Nimeyauza."

Pedali ilisimama.

*

Muuza mayai alikuwa uani kwake, kati ya makreti, na aliposikia shida aliangua kicheko.

"Mzee, watu huja hapa kununua mayai. Wewe unakuja kununua kitandiko?"

"Nitakurudishia pesa yako."

"Pesa yangu ikae chini ya kuku? Mimi nataka karatasi."

Supavaiza, ambaye zamani safu nzima ya mashine ilisimama akiinua kidole, alichuchumaa kwenye vinyesi vya kuku, akatoa mifuko ya kaki kikapuni. "Hii hapa. Kaki ni nene. Yai haliponyoki. Haina matundu. Tubadilishane, nakuomba, mwanangu."

Muuza mayai aliujaribu mmoja kwa kuuvuta. Akauvuta tena. "Haya," akasema, "lakini kuchambua ni juu yako. Nyingine zimekwisha kulaliwa."

Hakuchambua peke yake. Mama Cherehani alikuwa na mdomo unaofika mbali kuliko kengele, na kabla Supavaiza hajamaliza kreti la kwanza, Seremala aliingia uani, kisha Mwalimu, kisha mwenye bucha, pande la mtu lenye aproni ya damu. Bibi alikuja mwisho akitembea polepole, akapewa ndoo iliyofunikwa akalie.

"Ya michezo leta huku!" Seremala alipaza sauti. "Hiyo hata kama ina kinyesi cha kuku, leta."

"Mechi yenyewe ya mwezi uliopita," alisema Mwalimu.

"Ndiyo utamu wake. Nasoma nikijua timu yangu imekwisha kufungwa. Siumii mara mbili. Wewe na fumbo lako la maneno, unajaza visanduku mpaka unapata nini?"

"Napata usingizi," alijibu Mwalimu kwa upole. "Toka nistaafu hakuna anayeniuliza swali. Lile fumbo huniuliza."

Mwenye bucha alikuwa amepiga magoti, akipekua kwa vidole vinene kama soseji. "Jamani, nani ameona hadithi? Ile inayoendelea? Nilimwacha msichana amefungiwa stoo na baba wa kambo. Juma zima sijui katoka au vipi. Nakata nyama mawazo yako stoo."

Wote walimgeukia.

"Wewe?" alisema Seremala. "Wewe unasoma hadithi za mapenzi?"

"Mapenzi yako wapi? Yuko stoo, nimekwambia!"

Bibi alicheka mpaka ndoo ikayumba. Mama Cherehani alimletea karatasi za uzi mweupe, akamfuta yai lililoganda pembeni. Bibi aliinamia majina, midomo ikicheza. Supavaiza, aliyekuwa karibu, alisikia akinong'ona: "Poleni. Poleni sana. Nanyi poleni."

"Unawafahamu, bibi?"

"Simfahamu hata mmoja. Babu yenu alipofariki hatukuwa na uwezo wa kumweka gazetini. Alizikwa na watu wachache, mvua inanyesha. Basi hawa nao, kila mmoja nampa pole yake. Nani ajuaye kama wamepata za kutosha."

Supavaiza alimfutia Bibi karatasi nyingine. Kisha akauliza, ili tu aseme kitu: "Na ukurasa wa mbele ni wa nani?"

Walitazamana.

"Wa sabuni," walijibu karibu wote kwa pamoja, kana kwamba ni jambo linalojulikana dunia nzima.

"Na Mama Mizani mwenyewe?" aliuliza mwenye bucha. "Yeye anapenda upi?"

Kila mmoja alikuwa amepokea, na hakuna aliyewahi kuuliza. Macho yakamgeukia mume. Hapo Supavaiza akainua karatasi moja ya ukurasa wa pili, akaishika dhidi ya jua. Mwanga ulipita katika dirisha dogo pale pembeni, ukamwangukia kifuani.

"Nadhani najua," alisema.

*

Siku zilizofuata alijifunza kazi upya. Alikesha na mafungu, akakosea, akasahihishwa. Alimpa Mwalimu fumbo lililokwisha kujazwa, Mwalimu akalirudisha kwa heshima kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi. Alimpa Mama Cherehani bei za mazao, akaitwa kutoka ng'ambo ya barabara: "Shangazi yuko wapi leo, kaolewa?" Alisoma vifo jina kwa jina kabla ya kufunga chumvi ya Bibi, na kila alipofika mwisho bila kukuta jina la mtu wa mtaani alishusha pumzi. Hapo ndipo alipofahamu mke wake alikuwa akibeba nini miaka yote ile, akiwa amekaa tu nyuma ya mizani watu wakidhani anapima karanga.

Kiwandani alisimamia watu wengi, na wengi wao hakuwahi kujua walipenda nini.

Wateja walirudi. Kodi ya kibanda ilipatikana, kwa kujibana. Mwenye duka la kona alikuja mwenyewe, akajifanya anapita, akanunua karanga za pesa ndogo.

"Nasikia mnafunga na nyota," alisema kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. "Zile za mtu alivyozaliwa. Mimi ni Ng'e."

Supavaiza alimtafutia ya Ng'e. Akamfungia karanga humo.

*

Mkewe alirudi nyumbani mchana, akitembea ameshika ubavu, dada yake kamkamata mkono. Aliingia dukani kabla ya kuingia chumbani. Aliinama kwa shida, akatazama chini ya kaunta. Mafungu yalikuwepo, ila nyuzi hazikuwa zake na karatasi zilikuwa na madoa ya manjano.

"Haya magazeti yametoka wapi?"

"Kaa kwanza, mama watoto."

"Nimekaa sana. Yametoka wapi?"

Shemeji yake alitazama dari. Supavaiza alichukua mfuko mmoja wa kaki, wa mwisho kabisa, aliokuwa ameuficha chini ya mizani. Alitia karanga za moto, akafunga ncha, akampa. Hakumtazama usoni.

Mkewe aliugeuza mfuko. Pale chini, pembeni, palikuwa na kisanduku kilichochorwa kwa rula, na ndani yake maandishi madogo ya mkono wa mtu aliyezoea kuandika ripoti:

*Masahihisho. Mke alipokuwa hospitalini, duka hili liliyaita magazeti yake takataka na kuyauza kwa muuza mayai. Hayakuwa takataka. Aidha, kwa miaka mingi duka hili limetajwa kuwa duka la karanga. Hilo nalo si kweli. Mume anasikitika, na anaomba radhi kwa mama mwenye duka.*

Alisoma mara moja. Akasoma tena, polepole, kama asomavyo mtu jina la kwao. Shemeji alijaribu kuchungulia, akasukumwa kwa kiwiko.

"Mumeo kaandika nini, dada?"

Mkewe alimimina karanga zote kwenye karai, akakung'uta mfuko, akaulaza kwenye kaunta na kuunyoosha kwa kiganja.

"Baba watoto," alisema, "mkasi wangu umeuweka wapi?"